Malaika ya Sanamaki

Habari za kifo cha Zuhura zilinikuta naosha mchele. Nasra, bintiye, alinitumia ujumbe wa sauti kutoka huko kwenye baridi yao, na kabla hajalifikia neno lenyewe nilikwisha jua, maana jina langu ni Barke, na mtu hakuiti "Mama Barke" kwa upole namna ile ila ana jambo zito mdomoni. Nilimaliza kuosha mchele, nikauosha tena, na tena, mpaka wali wa siku ile ukatoka hauna ladha yoyote. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Hapa Mombasa majirani hunitania kwamba nikialikwa harusini swali langu la kwanza ni nani aliyefunga mtungi wa gesi. Lakini sikuzaliwa hivi. Nilifanywa hivi katika mwaka mmoja, tulipokuwa wasichana Kismayo, mimi na Zuhura, na toka hapo nimeishi na swali ambalo yeye peke yake angeweza kulijibu nami sikuthubutu kumuuliza: ilikuwaje akapikiwa majani ya kuulia samaki kila asubuhi, kwa mkono wa mamake mzazi, na badala ya kufa akapona?

Mwaka wenyewe ulikuwa wa mwisho kabla watu hawajatawanyika. Niliishi kwa Khalati Mwanaidi, dadake mama, katika nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Majengo. Zuhura alikuwa mwanawe wa pekee, amenipita umri kidogo, amechumbiwa, mcheshi wa kupindukia. Chumba chake kilipakana na jiko, na ukuta wa katikati haukufika juu kwenye makuti, kwa hiyo moshi wa jikoni ulimfikia yeye kwanza, na maneno ya jikoni vilevile. Dirisha lake dogo lilitazama uani, juu ya mhina ambao Khalati aliumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Asubuhi tulikula anjera, chapati laini za maji, kwa mafuta ya ufuta na sukari. Mchana wali na changu wa kukaanga, na pilipili ya kusaga ambayo Khalati aliitia ndimu mpaka meno yakashika ganzi. Nakumbuka chakula kuliko ninavyokumbuka sura za watu. Nakumbuka pia mazungumzo ya majirani yaliyokuja juu ya ua tukiwa tunakula, kwamba Muqdisho kumechafuka, kwamba fulani ameuza cherehani, fulani ameuza mlango wa nyumba na kubakia na pazia. Khalati akisikia habari za milango kuuzwa aliongeza wali kwenye sahani zetu, hata kama tumeshiba.

Mwaka huo ndio alipokuja Mwalimu Hodan. Alitoka Muqdisho na sanduku la mbao, ndani yake hadubini iliyofungwa kwa khanga mbili, akitafuta dawa za miti za watu wa pwani. Alipewa chumba nyuma ya shule moja, nami nikapelekwa kwake kwa sababu alihitaji mtu wa kumwongoza sokoni na kumweleza Kibajuni. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani. Alikuwa mwembamba, mkali wa macho, anakunywa chai ya maziwa kwa bakuli, na kila kitu kilichokuwa mezani kwake kilikuwa na mahali pake. Hadubini ile haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini, unakigeuza mpaka kinase jua la dirishani na kulirusha juu kupitia kwenye jani. Siku ya mawingu hatukuwa na kazi, tulikaa tukinywa chai na kuangalia mbingu kama watu wanaosubiri mwezi wa Idi. Siku ya jua alinifundisha kukata. Unapasua kipande cha kiazi kibichi, unalibana jani katikati ili lisiyumbe, kisha kwa wembe mpya unavuta kuelekea kwako, vipande vyembamba kiasi kwamba ukivitia kwenye kisahani cha maji huvioni mpaka utikise. Kipande kizuri ni kile unachodhani umekipoteza. Nilijikata mara nyingi kabla sijakipata cha kwanza. Nilipokitazama, nililiona jani kwa upande wake kama nyumba iliyokatwa ukuta: paa, nguzo za kijani zimesimamishwa pamoja, ukumbi wazi wa hewa chini yake, na sakafuni milango midogo midogo ambayo jani linapumulia.

Na nywele. Juu ya ngozi ya jani, hata lile unaloliona laini, mna nywele ndogo mno. Mwalimu aliziita kwa jina la kitabuni, gumu kutamka, nikamwambia sisi nywele laini za mwilini, zile za mkononi na shavuni kwa mtoto, tunaziita malaika. Alifurahi sana. Toka siku hiyo ikawa malaika ya jani hili, malaika ya jani lile, ila ngeli zilimshinda. "Barke, abaayo, njoo uone, malaika wamefika," ataniambia, abaayo kwao ni dada, nami ninacheka mpaka mkono unatikisika. "Yamefika, mwalimu," namsahihisha. "Malaika ya jani yameota. Malaika wa Mungu ndio wanaofika." Anarudia vizuri, na kesho anakosea tena. Nilikuwa mkali wa lugha hata wakati huo. Mpaka leo siwezi kusikia ngeli imepotoshwa nikanyamaza.

Kazi ya malaika ilikuwa hivi. Majani sokoni hayauzwi yakiwa na umbo. Yamekauka, yamepondwa, yako kwenye makopo na vifundo vya kitambaa, yote rangi ya vumbi la kijani, na muuzaji anaapa. Umbo limekufa, harufu imepungua, lakini chemsha kiasi cha ncha ya kisu katika maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, kioshe, kitandaze kwenye kigae cha kioo, na utaona vipande vya ngozi ya jani na malaika yake yamebaki. Sanamaki ndiyo aliyonianzishia, kwa kuwa kila nyumba inayo, ya kusafishia tumbo. Malaika ya sanamaki ni mafupi, kila moja chumba kimoja tu, yaani seli moja, yamepinda, na ngozi yake ina vipele kama ile ngozi ya samaki taa wanayosugulia mbao za mashua. Niliyatazama mpaka nikayaota. Jioni, Zuhura akiwa amekwenda kutembea, nikimsaidia Khalati kupepeta mchele nilimsimulia, naye aliitikia "ehe" na "kumbe" kwa adabu, kama anavyomsikiliza mtoto anayesimulia ndoto.

Kisha Zuhura akaumwa. Tumbo, homa, choo kigumu, kula hawezi. Khalati alitaka sanamaki, na sokoni siku zile haikuwepo, magari ya bara hayafiki. Aliagiza Burgao kwa mkono wa nduguye, Mjomba Shee, mvuvi wa Chula ambaye alipitia kwetu kila alipokuja mjini kuuza papa mkavu. Mjomba alikuja, akalala, akaweka stoo kopo la bati lililofungwa kwa turubai. Asubuhi akijiandaa kuondoka kwenda Kudha kuvua, Khalati alimuuliza akiwa mlangoni.

"Shee, mle koponi mna nini?"

"Dawa," alisema Mjomba, akachukua kapu lake akaenda zake.

Neno hilo nimelifikiria kuliko neno lolote katika maisha yangu. Ya tumbo ni dawa. Ya kuua mende ni dawa, ya kung'arishia nguo ni dawa, ya kumvuta mume ni dawa, na ile inayopondwa ikatiwa kwenye vidimbwi vya mwamba maji yakitoka, samaki wakalewa na kuelea matumbo juu, nayo ni dawa. Jina lake ni utupa. Lakini wavuvi wa kwetu jina hilo hawalitaji wakiwa njiani kwenda baharini, samaki eti wana masikio, na tena wazee wa Chula walikwisha kuupiga marufuku kwa kuwa unaua hata vichanga. Kwa hiyo kwa sababu mbili Mjomba asingelitamka mlangoni kwa watu. Na Khalati, aliyekuwa akisubiri dawa, alisikia dawa. Alifungua kopo, akaona unga wa kijani, akashukuru kwamba safari hii wamempondea kabisa.

Zuhura alikunywa kikombe cha kwanza asubuhi ile. Adhuhuri alitapika. Alisema midomo imekufa ganzi, ulimi kama si wake, na mikono yake ikawa inatetemeka akishika bilauri. Siku ya pili vivyo hivyo. Khalati alisema dawa inapigana na ugonjwa, ndivyo inavyokuwa dawa kali, na mimi nilimwamini, kwa nini nisimwamini? Nilichukua unga kidogo kwenye karatasi na kwenda nao kwa Mwalimu, si kwa shaka yoyote, bali kwa majivuno. Alikuwa ameniambia nilete kitu cha nyumbani nikitambue mwenyewe bila msaada. Nilitaka kitu rahisi.

Jua lilikuwa kali siku hiyo. Nilichemsha, nikaosha, nikatandaza, nikageuza kioo. Nikatafuta malaika mafupi yenye vipele, sikuona hata moja. Yaliyokuwepo yalikuwa marefu, laini, yamenyooka, na kila moja lilisimama juu ya chumba kidogo mwishoni, kama mguu uliovaa kiatu. Nikatengeneza kigae kingine. Marefu. Cha tatu, marefu. Nikamwita Mwalimu. Aliinama akatazama, akasogeza kigae huku na huku.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nyumbani. Ndiyo sanamaki anayokunywa Zuhura."

"Si sanamaki," alisema.

"Ni nini basi?"

"Sijui." Akainuka. "Sikiliza, abaayo. Hadubini inajua kusema siye. Kusema ndiye inataka shahidi. Lazima uwe na jani unalolijua kwa jina, uliweke pembeni, ulinganishe. Mimi malaika haya sina mwenzake hapa. Nenda nyumbani uwaambie waache, halafu tutafute jina."

Nilikimbia. Khalati alikuwa jikoni anatwanga kitunguu saumu, na nilianza kusema kabla sijavua viatu.

"Khalati, nimeona malaika kwenye dawa ya Zuhura. Si ya kawaida."

Mchi ulisimama hewani. Alijua ninazungumzia nini, nilikwisha msimulia jioni ngapi. Lakini alitupa jicho kwenye ukuta ule usiofika juu, akanishika mkono.

"Nyamaza," alisema, Kibajuni kikimtoka. "Mchu mgonjwa hatishwi. Asisikie."

Akanivuta uani, na huko nilimweleza yote kwa kunong'ona, mafupi, marefu, kiatu. Alisikiliza. Kisha akaniuliza ni jani gani basi, nikasema sijui, na Mwalimu naye hajui.

"Hamjui," alisema Khalati. "Mchu amebisha hodi, mimi nasema ni Fulani, nimemtuma ndugu yangu amlete. Ninyi mwasema si Fulani. Haya, ni nani? Hamjui. Sasa nimfungie mlango, mwanangu afe na tumbo, kwa sababu ya kitu mlichokiona kwenye kioo?"

Uchungu wa maneno yale ni kwamba Khalati hakuwa mjinga. Aliniapisha nisimwambie Zuhura neno. Nikaapa, kisha nikafanya nilivyoweza: kesho yake nilijikwaa kwa makusudi na kukimwaga kikombe chote, na siku ya pili yake nilisahau kuwasha moto. Basi Khalati akaanza kuipika mwenyewe. Alfajiri aliichemsha, akaichuja kwa kitambaa, akakiweka kikombe juu ya kigoda kando ya kitanda, akamwambia Zuhura kunywa mama, kisha akarudi mbio jikoni kabla anjera haijaungua. Mimi nilikuwa nimesimama ukumbini nikisikiliza. Nilisikia kikombe kikiinuliwa. Baada ya muda nilisikia kikirudishwa, kitupu. Sijui kama kuna sauti ninayoichukia kama ya kikombe kitupu kikiwekwa juu ya mbao.

Na Zuhura akaanza kupona. Hapo ndipo nilipodhani nitapata wazimu. Kutapika kukaacha, ganzi ikaisha, homa ikashuka, akaomba uji, kisha akaomba samaki, kisha akaanza kunitania kwamba nina uso wa mtu aliyemeza mwiba. Khalati alitembea nyumbani kama aliyeshinda kesi. "Umeona?" aliniambia akinipa kombe nioshe. "Malaika yako yamesema uongo." Sikulala vizuri siku zile. Nilirudi kwa Mwalimu, nikatengeneza vigae vipya, na malaika yakawa marefu vilevile, hayakujali kabisa kwamba mgonjwa anapona. Ama jicho langu halifai, niliwaza, ama dunia haina maana. Nilimuuliza Mwalimu iwapo inawezekana sanamaki ya Burgao ikawa na malaika marefu kwa sababu ya chumvi au upepo. Alinitazama kwa huruma. "Mtu akihama hubadilisha nguo," alisema. "Habadilishi mifupa." Kisha nikarudi nyumbani, na asubuhi nikasikia tena kikombe.

Mjomba Shee alirudi kutoka Kudha siku moja baada ya alasiri, amechomwa na jua, analalamika tumbo. Tulikaa mkekani ukumbini. Khalati alimletea kahawa na tende, na walipomaliza kuulizana hali za watu wa Chula, akaenda jikoni akarudi na kikombe, uso wake unang'aa.

"Kunywa hii, Shee. Dawa yako mwenyewe. Imemwinua Zuhura kitandani."

Mjomba alikipokea. Alikisogeza karibu na mdomo, akasita, akakinusa.

"Dawa gani hii?"

"Ile ya koponi. Uliyoniwekea stoo."

Alikishusha kikombe mkekani polepole sana, kwa mikono miwili.

"Sikukuwekea, dada," alisema. "Niliiweka tu. Sanamaki yako sikuipata." Kisha sauti yake ikabadilika. "Nani kainywa?"

"Zuhura," alisema Khalati. "Kila asubuhi."

"Si nilikuuliza?" aliongeza Khalati, amekwisha simama. "Mlangoni hapo, yana si yana, si kitambo hivyo, nilikuuliza ukasema dawa."

"Ni dawa," alisema Mjomba, na hata wakati ule jina hakulitaja. "Ya mwamba."

Khalati hakuhitaji zaidi. Aliketi chini pale aliposimama. Mimi nilisikia kitu kama furaha kikinipanda, jicho langu halikudanganya, na papo hapo nikaona aibu ya furaha ile, kwa sababu maana yake ni kwamba Zuhura amekuwa akinywa utupa siku zote hizo. Tuliingia chumbani kwake sote kwa mkupuo. Alikuwa kitandani anajipaka mafuta nywele, sahani ya tende mapajani. Mjomba alimwambia atoe ulimi. Akautoa, na akauacha nje kupita kiasi, macho yamefumbuliwa, akituchekesha. Mjomba alimgusa mikono, akamwambia ashike bilauri, haikutetemeka. Zuhura akatutazama, mmoja mmoja, na mimi akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Nilidhani ni hofu.

Kesho yake Mjomba alileta kitawi kibichi kimefungwa ndani ya shati lake, amekitoa bara, akakikabidhi kwa Mwalimu bila kukitaja. Alichukua kijani kimoja akakivuta pande mbili kikachanika kwa pembe, kama mkia wa samaki. "Hivi ndivyo tunavyoujua," alisema. "Ukishapondwa, hata sisi hatuujui." Niliubana utupa katikati ya kiazi na kukata. Nguzo zilikuwa upande mmoja tu, ilhali za sanamaki huwa juu na chini. Na pale juu ya ngozi, malaika yale yale, marefu, laini, kila moja na kiatu chake. Mwalimu alitazama, akamwachia Mjomba naye atazame, kisha akaniambia neno nililolingoja mwaka mzima. "Ndiye." Nilimuuliza Mwalimu, basi Zuhura amepona vipi. Akafikiri. Labda unga ulikuwa mkuukuu, alisema, labda jua limeudhoofisha. Mwalimu Hodan hakuwa mtu wa labda, na nilijua kwamba amenipa labda hizo ili niweze kulala.

Khalati alichinja mbuzi. Aliwaambia watu wa Majengo wote kwamba mwanawe amekunywa utupa na Mungu akamkinga, na walikuja kumtazama Zuhura kama wanavyomtazama aliyetoka kuhiji. Kisha mwaka ukaisha jinsi ulivyoisha. Mwalimu alifunga hadubini yake kwa khanga zile zile akarudi Muqdisho kumtafuta mamake, na sikusikia habari zake tena. Sisi tuliondoka kwa bahari, tukakaa kambini, Khalati akafia huko, Zuhura akapata njia ya Ulaya. Mimi nilibakia Mombasa na kazi ya majani. Nina hadubini yangu, yenye taa, na wauza dawa wa hapa huniletea unga wao kabla ya kuuza. Nimesema siye mara nyingi, na ndiye mara chache. Lakini kila ninapotaka kuapa, namkumbuka Zuhura na tende zake mapajani, akipona mbele ya ushahidi wangu wote, na mkono unasita. Tulizungumza kwa simu kila Ijumaa. Nilimuuliza magoti, wajukuu, theluji. Lile sikumuuliza, maana kumuuliza ni kumkumbusha kikombe kilitoka mkono wa nani, na Khalati alikwisha kufa na sifa ya muujiza wake.

Juma lililopita Nasra alikuja kunipa mkono wa tanzia. Ana kikohozi alichotoka nacho kwenye ndege. Nilimchemshia tangawizi na mrehani, nikamletea, na kwa mazoea nikamwambia, "Kunywa, dawa." Alikipokea kikombe akaanza kucheka, akilia wakati huo huo, kwa namna ya mamake.

"Mama alinambia ya kwako ninywe," alisema. "Ya wengine, nikiwa na shaka, nimwage dirishani."

Nilimuuliza dirishani ni nini.

"Hujui? Alivyomwaga yeye, Kismayo. Kwenye mhina. Vikombe vyote, toka ile siku uliyoona malaika."

Nilikaa. Nikamwambia aanze mwanzo. Zuhura alimsimulia hospitalini, siku za mwisho, akicheka mpaka wauguzi wakaja. Kwamba alikuwa amelala na homa, midomo imekufa ganzi, akanisikia ukutani nikiingia mbio na kumwambia mamake kwamba nimeona malaika kwenye dawa ya Zuhura, si ya kawaida. Akasikia mchi umesimama. Akamsikia mamake akisema nyamaza, asisikie. Akajua basi ni malaika gani huyo, ni yule mmoja, mtoa roho, ambaye mgonjwa hatajiwi. Kilipokuja kikombe alingoja mamake arudi kwenye anjera, akainuka kwa kushika ukuta, akakimwaga nje. Tulipoingia sote siku ile na Mjomba akataka ulimi, alitaka kusema. Lakini Khalati alikuwa amekwisha anza kulia na kumshukuru Mungu kwa muujiza, na yeye hakuwa na moyo wa kumnyang'anya.

"Akasema nikwambie," aliendelea Nasra. "Alisema: yule Barke anakaa na wasiwasi, mwambie sikunywa. Mimi nilimwamini siku ile ile."

Chai ilikuwa inapoa. Nilifikiri habari za vigae, kiazi, wembe, nguzo za upande mmoja, siye na ndiye, na Khalati aliyeniambia sina jina la aliyebisha hodi, kumbe ukutani mtu amekwisha kulisikia jina na kuinuka. Nililia sana mbele ya mtoto wa watu. Nasra aliniacha nilie, kisha akasogea, akaniuliza kwa sauti ndogo, kama aliyekuwa akilisubiri swali hilo toka Ulaya.

"Mama Barke, kweli ulimwona huyo malaika?"

Niliyaona, nilitaka kusema. Mimi ninayemsahihisha kila mtu.

"Nilimwona," nikamwambia.